Geuza kibodi usome mgongoni kwanza: tuelewane kuhusu kompyuta kongwe na bei zake

Juzi mama mmoja wa mtaani kwetu kanitumia picha WhatsApp, imepigwa stoo, kuna cherehani, kuna ndoo za rangi, na katikati ya vumbi kuna kompyuta ya marehemu mumewe na kibodi yake, kubwa, nene, rangi ya maziwa mgando. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, af swali likaja hapohapo, mwanangu eti ni kweli hizi zinauzwa mamilioni, maana kijana wa vyuma chakavu kanipa elfu kumi na tano, na kijana mwingine kaniambia nisithubutu, ndani kuna dhahabu na zebaki nyekundu.

Nikamwambia mama usiuze na usivunje, igeuze hiyo kibodi kifudifudi, mgongoni kuna kikaratasi kimebandikwa, nipigie picha hicho. Na wakati nasubiri hiyo picha ndo nikaona bora niandike hii kitu yote kwa pamoja, maana swali hili naulizwa sana sa hivi, zile video fupi za mtu anashika kibodi ya zamani anataja dola zimefika kila mtaa, na kila anayeulizia anachanganya mambo matatu ambayo hayaendi pamoja: uzee, uadimu na ubora. Kitu kinaweza kuwa kizee na kimejaa kila kona, kinaweza kuwa adimu na hakina kazi, na kinaweza kuwa bora kuliko ulichonunua jana dukani ilhali kina miaka karibu arobaini.

Tuanze na jina. Kompyuta zamani ilikuwa chumba kizima, ya serikali au ya benki, mtu wa kawaida haigusi. Kompyuta ya mtu binafsi, ya kuweka mezani kwako, ilianza kuchangamka mwaka 1975 na mashine inaitwa Altair 8800 huko Marekani, na hiyo haikuwa hata na kibodi, unapandisha na kushusha swichi mbele yake na inakujibu kwa taa. Mwaka 1977 zikatoka tatu, Apple II, Commodore PET na TRS-80, hizo sasa unanunua, unachomeka kwenye umeme, unaanza kuandika. Agosti 1981 kampuni ya IBM ikatoa PC yake, namba 5150, prosesa (ile chipu ambayo ndo ubongo wa kompyuta) ya megahezi 4.77 na memori ya kuanzia kilobaiti 16, picha moja tu uliyopiga kwa simu yako leo haiwezi kuingia humo. Wanaokusanya kompyuta wakisema kongwe wanamaanisha mashine za kuanzia hapo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, kabla ya Windows 95 kuja kuzifanya zote zifanane. Hakuna sheria iliyoandika hivyo, ni mazoea tu ya wapenzi wa hii kazi.

Chakavu ni kitu kingine. Ile kompyuta ya Pentium 4 ya mtumba iliyopitia Dubai, ikafanya kazi cyber miaka sita mpaka feni ikagoma, hiyo ni chakavu, siku moja itakuwa kongwe lakini sio leo.

Hapa Tanzania kuna jambo moja wengi hawalijui na linaeleza kwa nini mashine za zamani kabisa huzioni kwenye stoo zetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda vibaya na kula hela nyingi. Kwa hiyo wakati wenzetu Ulaya na Marekani vijana wanachezea Apple II nyumbani, huku mashine zilikuwa chache mno, na nyingi za zamani utakazozikuta leo ni za mwisho wa miaka ya 80 na kuendelea, masharti yalipokuwa yamelegea. Ndo maana mtu akiniambia kwenye stoo ya babu kuna kompyuta ya 1978 naomba picha kwanza.

Sasa bei. Ile habari ya mamilioni sio uongo ila inahusu kitu kimoja ambacho wewe na mimi hatuna. Mwaka 1976 Steve Wozniak alibuni Apple ya kwanza kabisa, yaani bodi tupu tu, kava hakuna, skrini hakuna, kibodi hakuna, ikauzwa dola 666.66, zikatengenezwa kama 200 hivi basi. Mwaka 2014 moja kati ya hizo ikauzwa mnadani dola 905,000, akanunua makumbusho ya Henry Ford. Hiyo ndo habari inayozunguka duniani, af ikifika kwetu inakuwa "kompyuta za zamani zinauzwa mamilioni". Pembeni yake weka Commodore 64 ya mwaka 1982, nayo ni nzee, nayo ina heshima kubwa sana kwenye historia, ila zilitoka kwa mamilioni, kwa hiyo mpaka leo ukitaka moja unaipata bila kuuza kiwanja. Umri unakaribiana, mmoja kafika karibu dola milioni, mwingine anabishaniwa kama godoro.

Kwa nini sasa mtu ahangaike kukusanya kitu ambacho hakimtajirishi? Mi naweza kukujibu kwa mashine moja. Uingereza mwaka 1981 kampuni ya Acorn ya Cambridge ilitoa kompyuta ya BBC Micro, kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji BBC wa kufundisha watu kompyuta, zikajaa kwenye shule zao. Walewale wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber wakiwa mbele, wakakaa wakabuni prosesa yao wenyewe inayokula umeme kidogo, ya kwanza ikawaka Aprili 1985, wakaiita ARM. Simu uliyoshika sasa hivi unasoma hapa, iwe ya laki moja au ya milioni tatu, karibu hakika ndani ina mjukuu wa ile prosesa. Kwa hiyo ukiwasha BBC Micro ikakupigia ile "bip" yake unakutana na bibi wa simu yako, na unaweza kumfungua, ukahesabu vipande vyake kimoja kimoja kwa kidole, kitu ambacho kwa simu yenyewe hauwezi. Mi nilielewa kompyuta inafanyaje kazi siku nilipofungua mashine ya zamani, sio darasani.

Tuje kwenye kibodi, maana ndo penye vurugu zaidi, na ndo kitu ambacho una uwezekano wa kweli wa kuwa nacho nyumbani bila kujua.

Kibodi zote kwa juu zinafanana, herufi zimepangwa vilevile, mpangilio wenyewe umetoka kwenye mashine ya chapa ya Christopher Latham Sholes iliyoingia sokoni mwaka 1874. Tofauti iko chini ya kitufe, pale kidole hakioni. Chukua rimoti ya TV, ukiifungua unakuta mpira mmoja wenye vichuguu vichuguu, unabonyeza kichuguu kinalala kinagusa bodi, ukiachia kinanyanyuka. Kibodi nyingi za bei rahisi ni hivyohivyo, kichuguu cha mpira chini ya kila herufi. Zinafanya kazi, ila mpira unachoka, unakuwa kama ugali wa jana, na lazima ubonyeze mpaka chini kabisa ndo herufi itoke. Kompyuta ya Sinclair inaitwa ZX Spectrum, ya Aprili 1982, ilienda mbali zaidi, vitufe vyenyewe vilikuwa mpira, unaandika unahisi unabonyeza nyama, lakini iliuzwa kuanzia pauni 125 na ikawafikia watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua BBC Micro, kwa hiyo mi siidharau kabisa.

Aina ya pili kila herufi ina swichi yake peke yake, kama swichi ya taa ukutani, ndo hizi wanaita mekanika, zile za Cherry za Ujerumani zenye rangi ya bluu, kahawia, nyekundu, ambazo vijana wa magemu wanazinunua sana. Watu wengi wanadhani hizi ni za kisasa, lakini swichi ya Cherry MX ilizaliwa miaka ya 80. Na Apple nao waliweka swichi za Alps za Japani kwenye kibodi yao kubwa ya mwaka 1987, ukikuta hiyo iheshimu.

Aina ya tatu ndo iliyonifanya nianze kukusanya. Chukua njiti moja ya fagio la chelewa, ikate fupi kama urefu wa kidole, isimamishe katikati ya kidole gumba na cha shahada, af bana taratibu. Inakaza, inakaza, inakataa, af ghafla inapinda pembeni kwa mpigo. Ile sekunde ya kupinda unaihisi kidoleni, huhitaji kuangalia. Sasa badala ya njiti weka springi, moja chini ya kila herufi. Unabonyeza, springi inakaza, ikifika mwisho wa uvumilivu wake inapinda ghafla, inagonga ukuta wa tundu lake inalia "taki", na papo hapo inasukuma kinyundo kidogo chini yake kinachoiambia kompyuta herufi imebonyezwa. Yaani sauti, mguso na herufi vinatokea kwa pamoja, kidole kinajua kimeandika kabla jicho halijaona kwenye skrini. Aliyebuni namna ile inayotumika kwenye hizi kibodi ni mhandisi wa IBM, Richard Harris, hataza yake, yaani hati ya umiliki wa ubunifu, ilitoka 1978, na sababu ya kuhangaika hivyo ilikuwa makatibu muhtasi. IBM walikuwa wameuza taipureta za umeme za Selectric tangu 1961, wachapaji wamezoea mashine inayojibu, ukiwapa kibodi ya mpira wangeirudisha siku hiyohiyo. Waliopita vyuo vya uhazili enzi za taipureta wananielewa bila kuongeza neno.

IBM PC ya 1981 ilikuja na kibodi ya hivyo yenye vitufe 83, wakusanyaji wanaiita Model F. Chini ya springi za Model F hakuna vitu vinavyogusana, kinyundo kinasogelea bodi na bodi inahisi kimekaribia, kama skrini ya simu inavyohisi kidole, kwa hiyo hamna cha kulika na nyingi mpaka leo zinadunda. Ila ilikuwa ghali kutengeneza. Mwaka 1985 wakaanza kutoa Model M, vitufe 101, springi zilezile lakini chini wakaweka karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, ambazo ni rahisi zaidi. Angalia kibodi uliyonayo hapo, F1 mpaka F12 juu, mishale minne katikati, namba kulia, mpangilio huo ndo wa Model M, tunaishi nao bado. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili maana ndani kuna bamba la chuma, na herufi zimepakwa rangi iliyoingia ndani ya plastiki kabisa, hazifutiki kwa vidole, ndo maana unakuta kibodi ya 1987 herufi zinasomeka na ya juzi dukani herufi A na E zimeshapotea.

Hapo kuna uzushi mmoja nataka niuvunje kwa heshima. Utasikia mtu anasema "hiyo ya karatasi za plastiki ndani ni feki, orijino ni swichi tupu". Sio kweli. Model M ina karatasi za plastiki ndani na ni moja ya kibodi bora zilizowahi kutengenezwa, kinachobeba raha yake ni springi iliyoko juu. Na sio kila kibodi nzito ya rangi ya maziwa ni Model M, kampuni nyingi ziliiga umbo, ndani zikaweka mpira. Ng'oa kitufe kimoja taratibu kwa kukivuta wima, ukiona springi imesimama tunduni, hiyo ndo yenyewe, ukiona kichuguu cha mpira basi ni mpira.

Nije kwenye swali la pili ninaloulizwa sana, kibodi nimeipata, nimenunua adapta ya USB, mbona haiandiki? Hili linataka uvumilivu kidogo. Kibodi haitumi herufi. Ukibonyeza A haisemi "A", inatuma namba tu, kama muhudumu anayepiga kelele jikoni "meza ya saba" bila kusema nani amekaa meza ya saba, ni kompyuta ndo inaangalia orodha yake na kuamua meza ya saba ni herufi gani. Ndo maana umewahi kukaa cyber ukabonyeza alama ya @ ikatoka alama za kufungua usemi. Kibodi haikuwa mbovu, kibodi ilikuwa ya Kimarekani na kompyuta imewekewa orodha ya Kiingereza cha Uingereza, au kinyume chake, na hizo alama mbili zimebadilishana nafasi kati ya nchi hizo. Huo ni mpangilio, unaubadilisha kwenye setingi, hauhitaji fundi.

Sasa IBM wenyewe walibadilisha hizo namba. Kibodi ya PC ya 1981 ukibonyeza A inatuma 30. Kibodi ya mashine yao ya baadaye, AT, ya Agosti 1984, ukibonyeza A inatuma 28, na hata namna ya kuongea kwenye waya ni tofauti. Cha kuumiza ni kwamba plagi ni ileile, duara kubwa lenye pini tano, inaingia vizuri kabisa ila kimya. Ni kama umepiga simu imepokelewa, mtandao uko safi, ila upande wa pili anaongea Kijapani. Mwaka 1987 mashine za PS/2 zikaleta plagi ndogo ya pini sita, ile iliyokuja kupakwa zambarau baadaye, mnaikumbuka, ila lugha ikabaki ya AT, kwa hiyo kati ya hizo mbili unahitaji kigeuza plagi tu, cha bei ndogo. Kutoka hapo kwenda USB ni habari nyingine, kile kidude cha plastiki cha kijani au zambarau kilichokuwa kinakuja bure na mausi hakina akili ndani, ni waya tu, hakitafsiri. Unahitaji kibadilishi chenye chipu ndani, na kwa Model M chagua kinachoweza kutoa umeme wa kutosha maana zile za zamani zinakula kuliko za sasa. Kwa Model F ya PC ya kwanza inabidi kibadilishi maalum kinachojua ile lugha ya 1981. Kitufe cha Windows usikitafute, hakipo, kilianza kuonekana 1994.

Kwa mnaoandika programu kwenye Linux, niwape kitu kidogo cha pembeni maana nakipenda sana. Mnajiuliza kwa nini kwenye vi, ile programu ya kuandikia, mnatembea kwa h, j, k, l badala ya mishale? Bill Joy aliiandika akiwa anatumia kituo cha ADM-3A cha mwaka 1976, yaani skrini na kibodi vya kuongea na kompyuta iliyoko kwingine, na kwenye kibodi ya ADM-3A mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne, na kitufe cha Esc kilikuwa pale ilipo Tab leo, karibu na kidole. Kibodi imekufa, vidole vya dunia nzima bado vinaikumbuka.

Haya, dhahabu. Ni kweli kwenye kompyuta kuna dhahabu, imepakwa kwenye pini na kwenye baadhi ya chipu za zamani kwa sababu haishiki kutu. Ila ni mpako mwembamba mno, bodi moja haifikishi hata gramu moja, wanaopata faida ni viwanda vinavyoyeyusha tani kwa tani wakiwa na mitambo ya kukamata moshi. Wewe nyumbani na tindikali kwenye ndoo utapata chembe isiyolipa nauli, na mapafu yako yataharibika, na watoto wanaocheza hapo watavuta ile hewa. Nimeona vijana wanachoma waya wapate shaba, moshi mweusi unaingia madirishani, inaniuma sana kwa sababu kibodi iliyovunjwa pale kwa ajili ya dhahabu ambayo haimo ingeweza kuuzwa nzima kwa hela ambayo wangegawana wote wakafurahi. Ndani ya kibodi hasa, dhahabu usiitafute.

Na zebaki nyekundu haipo. Sio kwamba imeisha, haijawahi kuthibitika kuwepo popote. Mwaka 2009 Saudi Arabia uvumi huohuo ulishika cherehani za Singer, wakaambiana ipo kwenye sindano, ukisogeza simu mtandao unakata, bei ya cherehani kuukuu ikapaa kupita kiasi, polisi wakaingia kati, na ndani hamkuwa na kitu. Uvumi ukitoka kwenye cherehani unahamia kwenye TV, redio, sasa kompyuta. Anayekwambia utangulize hela umpelekee mnunuzi wa zebaki anakuibia.

Sasa kama kweli una mashine kongwe, naomba unisikilize hapa kuliko sehemu nyingine yoyote: usiichomeke kwenye umeme ili "kuona kama inawaka". Mi mwenyewe nilipoteza madabodi, ile bodi kuu ya ndani, nzuri ya 386 kwa haraka hiyo. Bodi nyingi za kipindi cha 286 mpaka 486, hayo ni majina ya prosesa zilizofuatana, zina betri ndogo ya pipa, ya bluu au kijani, imeunganishwa palepale kwenye bodi kwa ajili ya kutunza saa. Ikikaa miaka inavuja maji yanayokula shaba, unakuta ukungu wa kijani umetambaa kwenye njia za umeme kama mchwa kwenye mlango. Fungua kava kwanza, ukiikuta ikate uitoe, hata kama bado haijavuja, mashine inaishi bila hiyo betri. Pili, mashine zilizotoka Marekani nyingi ni za volti 110, huku kwetu ukutani kuna 230, angalia nyuma kuna kiswichi chekundu kimeandikwa namba, na kama hakipo usichomeke. Tatu, kwenye pawasapulai za zamani, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, kuna kapasita, vidude vya kutunza umeme, za karatasi zenye kava la njano linaloonyesha ndani, zinapasuka nyufa, zinanyonya unyevu, ukiwasha zinatoa moshi mzito wenye harufu mbaya, BBC Micro zinajulikana sana kwa hilo, fundi redio yeyote mzuri anazibadilisha. Skrini za kichogo usifungue kabisa kama hujafundishwa, zinatunza umeme wa kuua hata zikiwa zimechomolewa.

Kibodi yenyewe haina hatari hizo, safisha bila hofu. Ng'oa vitufe, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, anika kivulini mpaka vikauke kabisa, ila kabla hujang'oa piga picha mpangilio. Usiloweke kibodi nzima. Model M ukitaka kuifungua bisibisi ya kawaida haitaingia, mgongoni kuna boliti nne zilizo ndani ya mashimo, zinataka spana ya shimo ya milimita 5.5, nyembamba. Ndani bamba la chuma limeshikwa na vijiti vingi vya plastiki, hivyo ndo ugonjwa wake, vinakatika na uzee, ukitikisa unasikia vinacheza ndani kama mbegu kwenye kayamba. Vikikatika vichache inaendelea, vikiwa vingi herufi zinaanza kukataa, dawa yake ni kutoboa na kuweka viboliti vidogo badala yake, kazi ya siku nzima lakini inapona kabisa.

Na ile rangi ya njano, watu wanasema ni moshi wa sigara wa mwenye kompyuta. Moshi unachangia uchafu wa juu, lakini njano inayobaki hata baada ya kuosha inatoka ndani ya plastiki yenyewe, mara nyingi ni aina inayoitwa ABS, mwanga na joto vinaibadilisha polepole. Utaona spesi bar imekuwa njano na herufi ziko nyeupe, ni plastiki mbili tofauti tu. Wapenzi huipausha kwa haidrojeni peroksidi na mwanga wa jua, ileile peroksidi ya krimu wanayopausha nywele saluni, unapaka, unafunga na nailoni, unaanika, unageuza kila mara isije ikaacha mabaka. Vaa glavu, inaunguza ngozi. Jua tunalo la kutosha, sema njano inaweza kurudi baadaye, na mi binafsi nyingi naziacha njano zilivyo. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa kuliko njano ni chumvi ya hewani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja kote huko chuma kinaliwa kimyakimya, kwa hiyo funga kibodi kwenye mfuko na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na isikae sakafuni.

Picha ya mama ikaja jioni. Ameifuta ile karatasi kwa kanga mpaka inasomeka: IBM, namba 1391406, imetengenezwa Uingereza, tarehe ya 1989. Model M halali, ya mpangilio wa Kiingereza, juu ya 3 kuna alama ya pauni. Nikampa ukweli wote, kwamba sio mamilioni, kwamba wapenzi wa nje hizi wananunua kwa dola mia hivi ikiwa safi na inafanya kazi, wakati mwingine chini ya hapo wakati mwingine juu, na kusafirisha kilo mbili na zaidi kwenda huko kunakula nusu ya hela, ila elfu kumi na tano ya chuma chakavu ni kunyang'anywa. Nikamwambia pia kuna kampuni huko Kentucky, Unicomp, tangu 1996 wanazitengeneza mpya kwa springi zilezile na bado wanapata wanunuzi, kwa hiyo hii yake sio takataka hata kidogo.

Jumamosi nikaenda na spana yangu. Kompyuta yenyewe tuliiacha kwanza, ile pawasapulai yake nina wasiwasi na kapasita zake. Kibodi nikaiweka mezani barazani, nikapuliza vumbi, nikabonyeza spesi bar mara mbili tatu kusikiliza springi. Mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni, akasema ndo yenyewe hiyo, alikuwa anachapa mpaka saa saba usiku hatulali. Akavuta kigoda akakaa, akaniambia bonyeza tena. Habari ya bei hatukuizungumza siku hiyo.